Mwamba ngoma huvutia kwake: Kisa cha sauti katika piano za kidijitali

Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii tumezoea kuwatupia wanasiasa na wagawa mashamba ya urithi. Leo nataka kuirudisha nyumbani kwake, yaani kwenye muziki. Je, ngoma ikiwa haina ngozi, bali ni kompyuta iliyovishwa vibao vyeusi na vyeupe, mwamba ngoma ni nani? Na anaivutia wapi?

Nauliza kwa sababu vinanda vya kidijitali vimetapakaa kila mahali: makanisani, shuleni, kwenye harusi na hata matanga. Kwaya mbili zinaweza kuimba kwa lugha mbili tofauti, moja Kisumu na nyingine Machakos, lakini kinanda kikalia vilevile. Sababu ni moja tu: wapigaji wote wawili wanatumia sauti ya kwanza inayojitokeza mashine inapowashwa. Sauti hizo nitaziita sauti za kiwandani. Wengi wetu huzichukulia kana kwamba zilizaliwa pamoja na mashine. La hasha! Kila moja ilitungwa na mtu, mahali fulani, kwa kufuata masikio yake.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Neno kinanda ni kongwe kuliko piano katika mwambao wetu. Hapo kale lilitaja ala ya nyuzi, jamaa ya udi, ambayo wengine waliiita kibangala. Ogani na piano zilipoingia, Waswahili hawakuhangaika kubuni neno jipya. Walilinyoosha lile walilokuwa nalo mpaka likazifunika ala hizo ngeni. Mpiga kinanda yule wa kale alikaza na kulegeza nyuzi mpaka sikio likaridhika. Mpiga ngoma naye aliisogeza ngoma karibu na moto ili ngozi ikauke na mlio upande. Kwa hivyo kurekebisha mlio si jambo geni kwetu hata kidogo. Kilichobadilika ni zana ya kurekebishia.

Historia ya piano za jukwaani, yaani zile zinazobebwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, ina mizizi katika wadi za hospitali. Harold Rhodes, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1910, alikuwa mwalimu wa piano. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwafundisha wanajeshi majeruhi. Mgonjwa aliyelala kitandani huwezi kumsogezea piano ya kawaida, basi Rhodes akaunda piano ndogo ya kuwekwa mapajani, akitumia vipande vya mabomba ya aluminiamu ya ndege za kivita aina ya B-17. Kutokana na juhudi hizo ilikuja kuzaliwa piano ya umeme, na kufikia mwaka wa 1970 lilikuwapo toleo la jukwaani lenye vibao 73 au 88.

Ndani ya piano hiyo hamna nyuzi. Kibao kikibonyezwa, nyundo ndogo hugonga kijiti chembamba cha chuma kilichokaa mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya. Kijiti hutetemeka, mtetemo huo huzalisha umeme, na umeme hupelekwa kwenye spika. Sasa fundi akichukua bisibisi na kukipandisha au kukishusha kijiti kidogo tu, mlio hubadilika. Kikielekea katikati kabisa ya sumaku, mlio huwa mwembamba, wenye ladha ya kengele. Kikisogea pembeni, huwa mnene na mpole. Sumaku nayo ikisogezwa karibu zaidi, mlio hukoroma kila mpigaji anapobonyeza kwa nguvu. Ndiyo maana piano mbili za Rhodes zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kuwa na sauti mbili tofauti, kama ndugu wa tumbo moja.

Wakati huohuo, watu wengine walikuwa wakiichambua sauti kama sisi wanaisimu tunavyolichambua neno. Mwaka wa 1965 mtunzi Vladimir Ussachevsky alimweleza Robert Moog, muundaji wa ala za kielektroniki, jinsi ya kuugawa uhai wa mlio katika hatua nne. Mlio kwanza huchomoza, kisha hupoa, halafu hudumu kwa kiwango fulani kibao kinapoendelea kushikiliwa, na mwishowe hufifia kibao kinapoachwa. Pima hatua hizi kwa sikio lako. Kengele huchomoza ghafla na kufifia polepole. Zumari huchomoza na kudumu kadiri pumzi inavyoruhusu. Ngoma huchomoza, na papo hapo imekwisha. Hatua hizo nne zingali zinatumika katika vinanda vya leo, na mtu akibadilisha mbili tu kati yake anaweza kuifanya piano ilie kama ogani.

Kikwazo kilikuwa kumbukumbu. Katika mashine za mwanzo za aina hiyo, mpigaji alizungusha vifundo mpaka akaipata sauti aliyoitaka, lakini akivizungusha tena kutafuta sauti nyingine, ile ya kwanza imempotea. Wengine waliandika vipimo karatasini. Mwaka wa 1978, Dave Smith na wenzake huko California walitoa Prophet-5, ala iliyotumia kompyuta ndogo kuhifadhi mpangilio wote wa vifundo. Hapo ndipo sauti ilipokuwa kitu cha kuwekwa akibani, kupewa namba na kuitwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ilikuwa neema kubwa. Lakini neema hiyo ilifungua mlango mwingine: kama sauti inaweza kuwekwa akibani na mpigaji, inaweza pia kuwekwa na kiwanda kabla mpigaji hajainunua mashine.

Mlango huo ulifunguka wazi mwaka wa 1983. Miaka 16 kabla yake, mwaka wa 1967, mwanamuziki John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa akijaribu mtetemo mmoja unaoutikisa mwingine. Alipouongeza kasi ule mtikiso, ulifika mahali ambapo sikio halikusikia tena sauti inayoyumba, bali lilisikia sauti mpya kabisa, yenye rangi ambayo haikuwapo hapo awali. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilinunua haki ya kuutumia ugunduzi huo, na matunda yake maarufu zaidi yakawa kinanda cha DX7. Ziliuzwa DX7 zaidi ya 150,000, idadi isiyokuwa na kifani kwa ala ya aina hiyo.

Kinanda hicho kilikuwa na uwezo wa ajabu, lakini kuutumia ilikuwa kazi ya shokoa. Sauti moja ilikuwa na vipimo zaidi ya 140 vya kurekebishwa, na vyote ulivitazama kupitia kijidirisha cha mistari miwili, kila mstari herufi 16. Vifundo vya kuzungusha vilikuwa vimeondolewa. Isitoshe, hesabu yake haikufuata mazoea ya sikio. Ukigusa kipimo kimoja, mlio mzima ungeweza kugeuka kelele. Watu wachache, akiwemo Brian Eno wa Uingereza, waliivumilia shule hiyo wakaihitimu. Walio wengi walinyoosha mikono, wakapiga sauti za kiwandani walizozikuta.

Sauti hizo zilitungwa kwa sehemu kubwa na watu wawili, Gary Leuenberger na David Bristow. Piano yao ya umeme, iliyoandikwa 'E. PIANO 1' kwenye kijidirisha, ilisikika katika nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ya themanini. Bila shaka msomaji wa rika langu ameisikia redioni pasipo kujua jina lake. Sasa tazama orodha maarufu ya sauti 32 za kinanda hicho. Mna tarumbeta, fidla, piano na ogani. Mna koto, ala ya nyuzi ya Wajapani, na wenye kiwanda ni Wajapani. Mna marimba, neno la Kibantu lililovuka bahari ya Atlantiki pamoja na watumwa na kurudi kwetu likiwa limeandikwa kwenye kioo cha mashine. Mna hata filimbi ya refa na garimoshi! Nafasi ya refa ilipatikana. Ya nyatiti na ya kanuni haikupatikana. Siwalaumu hata kidogo mafundi hao. Waliweka walichokijua na walichodhani kitauzika. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Baada ya hapo ikaja mbinu ya kunasa sauti za ala halisi na kuzihifadhi kama tarakimu. Stevie Wonder, mwanamuziki asiyeona, alimchochea mvumbuzi Ray Kurzweil kuunda kompyuta inayoweza kulia kama piano ya kweli, na mwaka wa 1984 ikatoka Kurzweil 250. Miaka miwili baadaye Roland wakatoa RD-1000, piano ya kidijitali ya jukwaani. Rhodes ile ya chuma, ambayo toleo la vibao 73 lilikuwa na uzito wa karibu kilo 60, ilikuwa imekwisha kuacha kutengenezwa. Roland walinunua jina la Rhodes mwaka wa 1987 na kulibandika kwenye piano za kidijitali. Harold Rhodes mwenyewe hakuziridhia kamwe, na mwaka wa 1997 alilipata tena jina lake, miaka mitatu kabla ya kufariki. Kisa hicho chatufunza kuwa hata mwenye ngoma anaweza kuvutiwa ngozi na wengine.

Kwa bahati nzuri, hadithi haikuishia hapo. Mwaka wa 2001 kampuni ya Clavia ya Uswidi ilitoa Nord Electro, kinanda chekundu kilichorudisha vifundo na vitufe mbele ya macho ya mpigaji. Tangu hapo, piano nyingi za jukwaani zimefuata njia hiyo. Leo mpigaji anaweza kuchuja makali ya mlio, kurefusha hatua ya kufifia, kuchanganya piano na fidla, kisha kuhifadhi mchanganyiko wake. Nord Stage 2 ya mwaka wa 2011 ilimruhusu hata kupakia sauti alizozinasa mwenyewe. Kwa maneno mengine, bisibisi ya Rhodes imerudi mkononi mwa mpigaji. Swali ni kama tunaishika.

Naona mambo mawili yanatuzuia. La kwanza ni mizani ya noti. Piano hugawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, na kiwandani kila kinanda hupimwa hivyo. Lakini taarabu asilia ya Zanzibar imejengwa juu ya makamu za Kiarabu, ambazo zina noti zinazokaa katikati ya vibao viwili. Katika makamu ya Rast inayoanzia noti ya C, noti ya E na ile ya B hushushwa kwa takriban robo toni. Mpiga fidla hutelezesha kidole, na mpiga kanuni hugeuza vijiwenzo vidogo vilivyo kando ya nyuzi. Mpiga kinanda akiacha mizani ya kiwandani, noti hizo hazipo. Tangu miaka ya 1990 taarabu ya kisasa imeegemea sana vinanda vya kielektroniki, na masikio ya vijana yanazoea mizani ya kiwandani kana kwamba ndiyo ya mababu. Ilhali baadhi ya vinanda vina sehemu ya kurekebisha kila noti peke yake. Hatua baina ya vibao viwili jirani hugawanywa katika senti 100. Kushusha E kwa senti 50 ni kazi ya dakika moja.

La pili ni lugha, na hapa naingia katika shamba langu. Wanafunzi wangu wanaopiga vinanda huzungumza Kiswahili sanifu hadi wafike kwenye mlio. Hapo hugeuka wakaongea Kiingereza kitupu. Ati Kiswahili hakina maneno! Kumbe mlio huvuma, hurindima, hudunda, hunguruma, hukwaruza na hukoroma. Tuna mwangwi, mvumo, kishindo na mnong'ono. Chujio lipo jikoni kwa kila mtu, na kazi yake katika kinanda ni ileile ya kuzuia machicha yasipite. Kuchomoza, kupoa, kudumu na kufifia ni vitenzi ambavyo mtoto wa darasa la nne anavielewa. Walimu wa muziki wakivitumia darasani, mwanafunzi atajua anachokitafuta kabla hajagusa kifundo. Asiyekuwa na neno la kuutaja mlio anaoutamani ataridhika na ule aliopewa.

Basi nawapa wapiga vinanda kazi ndogo. Chagueni sauti moja ya kiwandani. Punguzeni makali yake, refusheni kule kufifia, rekebisheni noti mbili zifuate wimbo wa kwenu. Msikilize tena na tena, kisha mhifadhi. Mashine itawauliza jina la sauti hiyo. Nafasi ya kuandikia huwa finyu, DX7 ilitoa herufi 10 tu, lakini Kiswahili kinaenea humo bila taabu. Neno kibangala, kwa mfano, lina herufi tisa.