Wahudumu wa Treni za Pullman

Usiku wa manane, abiria wakiwa wamelala, mhudumu mweusi wa treni za Pullman nchini Marekani alikuwa bado macho: anang'arisha viatu vyao, anaitikia kengele. Wengi walimwita “George”, jina la George Pullman, mwasisi wa kampuni, kana kwamba yeye hakupewa jina na mama yake.

Mwaka 1925 wahudumu hao waliunda chama chao cha wafanyakazi huko Harlem, New York, chini ya uongozi wa A. Philip Randolph. Miaka 12 ya mvutano na kampuni ikafuata, hadi mkataba wa 1937 ulipopandisha mishahara na kupunguza saa za kazi.

Mwaka 1941 Randolph alitishia kuandamana Washington kupinga ubaguzi dhidi ya weusi. Rais Roosevelt akapiga marufuku ubaguzi wa ajira katika viwanda vya zana za vita.

Na E. D. Nixon, aliyemwekea dhamana Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekamatwa Montgomery mwaka 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi, alikuwa mhudumu wa treni hizo hizo.