Kabla Mionzi Haijamfikia Mgonjwa

Kutoka Kibera hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH) si mbali; wapo wanaokwenda kwa miguu. Wa Kawangware hupanda matatu za 46, kisha wakaunganisha. Hapo KNH ndipo tiba ya mionzi ilipoota mizizi nchini mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa miongo mingi mgonjwa wa saratani asiye na pesa za hospitali ya kibinafsi hakuwa na pengine pa kwenda.

Kazi ilifanywa na mashine za kobalti-60. Kobalti haizimwi. Chanzo husogezwa kwenye tundu, na muda ukiisha hurudishwa ndani ya ngao ya risasi. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, bila ubishi, kwa hiyo dozi ilipimwa kwa saa: mwanafizikia apige hesabu, mhudumu aweke dakika. Jinsi kobalti ilivyozeeka ndivyo dakika zilivyoongezeka, na foleni nayo ikarefuka.

Linaki, mashine inayochukua nafasi ya kobalti, haipimiki kwa saa. Yenyewe husukuma elektroni hadi karibu na kasi ya mwanga, na nguvu ya mwale wake huyumba. Lazima uhesabiwe ungali safarini, na kipimo kisiuzuie.

Mbinu ya kwanza ilikuwa kuuzuia tu: kikombe cha Faraday huzimeza chembe zote ili chaji yake ihesabiwe, na mwale unaishia hapo. Njia ya kuepa hasara hiyo ilifunguka mwaka 1912, Walter Rogowski alipoeleza koili inayouzunguka mkondo wa umeme na kuupima bila kuugusa. Mwale wa chembe nao ni mkondo. Pale CERN, Geneva, Klaus Unser aliendeleza wazo hilo kwa mashine ambamo mwale huzunguka kwa saa nyingi mfululizo.

Hospitalini ilichaguliwa njia nyingine. Linaki ilianza kutibu watu mwaka 1953, Hammersmith, London. Ndani ya kichwa cha mashine hukaa vyumba viwili vya gesi vyenye kuta nyembamba mno. Mionzi hupenya karibu yote, ikiacha chaji kidogo ya kuhesabiwa. Kwenye skrini tarakimu hupanda; zikifika kiasi kilichoandikwa, mashine inajizima. Chumba cha kwanza kikikosea, cha pili kinakata.

Hata hivyo kipimo huweza kudanganya. Mwaka 1986 huko Tyler, Texas, mashine ya Therac-25 ilionyesha vipimo 6 tu kati ya 202 vilivyoagizwa. Mhudumu akabonyeza iendelee. Kumbe mwale ulikuwa mkali kupita kiasi hadi vyumba vya gesi vikalemewa. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipewa dozi za kupindukia Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa.

Ndiyo maana mwanafizikia wa tiba hupima kipimo chenyewe, kwa chumba kingine kidogo anachokizamisha ndani ya tangi la maji. Na hapa Nairobi ina jambo lake. Chumba hicho kiko wazi kwa hewa, na jiji liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Bila kusahihishwa kitasoma pungufu kwa karibu moja ya tano. Anayesahau ataiona mashine dhaifu, ataiongeza nguvu, na atakayeumia ni mgonjwa. Kwa hiyo barometa nzuri, ambayo sijawahi kuiona ikizinduliwa na mwanasiasa, ina uzito katika kazi hiyo sawa na linaki yenyewe.

Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lina maabara ya kusawazisha vipimo vya mionzi, na sheria ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kusimamia usalama wa mionzi. Ukiandikiwa mionzi, uliza mashine ilipimwa lini na nani aliyeipima. Ni haki yako kujua.