Elimu Iliyo Wazi Katika Bukoba na Muleba

Kufunguliwa kwa mlango ni jambo moja, na mtu kuweza kuingia ni jambo jingine. Historia ya elimu ya bure katika nchi ya Wahaya yashuhudia hivyo.

Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa UNESCO, ilianza mradi wa kujaribu kisomo chenye manufaa katika mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, mkoa ulioitwa Kagera tangu 1979. Watu wazima walijifunza herufi kwa habari za kazi zao wenyewe, kama vile migomba, pamba na uvuvi. Wazee wa Bukoba, na wa Muleba ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Bukoba, walikuwa na kazi mbili, maana lugha ya nyumbani ilikuwa Kihaya na lugha ya kitabu ilikuwa Kiswahili. Hata hivyo hawakujifunza peke yao. Palikuwa na mwalimu, wenzi na saa iliyojulikana.

Mwaka 1973 ilifuata kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walisikiliza kwa vikundi, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Mtihani wao ulikuwa choo chenyewe.

Hesabu za taifa zilionyesha kuwa wasiojua kusoma, waliokuwa karibu 67 katika kila 100 mwaka 1967, walipungua hata 10 hivi mwaka 1986. Lakini uchumi ulikuwa umekwisha kudhoofika, na vitabu na magazeti vikaadimika vijijini. Sensa ya 2002 iliwakuta karibu 3 katika kila 10 hawajui kusoma. Kwa hiyo elimu iliyopatikana bure iliweza kupotea bure, kwani jicho lisilopata cha kusoma husahau herufi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kilimletea mtu wa Bukoba masomo ya chuo karibu na kwake, ila kwa ada. Tangu 2012 vyuo vikubwa vya Marekani vimeyatoa masomo mengi bure kwa intaneti. Leo kijana wa Muleba mwenye simu aweza kumsikiliza profesa wa Harvard akiwa kivulini mwa mgomba. Walakini lugha ni Kiingereza, data hununuliwa, na msomaji yu peke yake. Hata kwa wasomaji wa dunia nzima utafiti uliochapishwa 2019 juu ya masomo ya Harvard na MIT ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuingia darasani kamwe.

Wazee wale walikuwa na redio moja na kikundi; wajukuu wao wana maktaba ya dunia, lakini hawana kikundi. Simu imeshinda redio kwa wingi wa maarifa. Haijaishinda bado kwa kumfikisha mtu mwisho wa somo.