Kulinda Mugonjwa Toka Mbali: Historia Fupi ya Desturi Moja ya Kolwezi

Kwetu Kolwezi, jirani akiingia mu lupitalo, swali la kwanza ambalo watu wanauliza ni hili: «Nani anamulinda?» Jina la ugonjwa litajulikana nyuma. Kwanza watu wanataka kujua kama kuna mutu pembeni ya kitanda: wa kupika uji, wa kumuosha mugonjwa, wa kukimbia na ordonansi ku farmasi, wa kulala chini ku mukeka usiku muzima na kuita mufirmye serumu ikiisha. Kwa Kifaransa wanamuita garde-malade. Sisi tunasema tu mulinzi.

Lakini muji wetu ni muji wa watu waliotoka mbali. Hapa tuko Walunda, Wachokwe, Wasanga, Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wandembu, Waluvale, na wengine wengi ambao shaba iliwaita. Kwa hii, tangu mwanzo kulikuwa siku zote mutu mu Kolwezi ambaye mama yake analala mugonjwa kule Kapanga ao Kamina, na kulikuwa siku zote mama kule mugini ambaye mutoto wake analala mugonjwa hapa mu kambi. Methali ya Kiswahili inasema: «Fimbo ya mbali haiui nyoka.» Mu kurasa hizi tunapenda kuonyesha namna gani wazazi wetu, na sisi nyuma yao, tulijaribu kuua nyoka na fimbo ya mbali, pale ilipowezekana na pale iliposhindikana.

1. Kazi ilituita, mama akabaki

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka wa 1906. Treni ya kusini ilifika Elisabethville mwaka wa 1910, na mwaka ule ule wakaanzisha Bourse du Travail, ofisi ya kutafuta wafanyakazi. Watu walitolewa Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na mu miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Mukataba ulikuwa wa miezi tu, na mwanaume alikuja peke yake. Mu kambi za mwanzo magonjwa ya mapafu na ya tumbo yaliua wengi, na mu mwaka wa 1918 homa kubwa ya dunia ikapita na huku.

Wakati ule, nani alilinda mugonjwa? Ni wenzake wa mugini. Waliotoka njia moja walijiunga, walichangia franga, walimuletea mwenzao chakula cha kwao, na akikufa walimuzika. Mama yake alipata habari wakati mukataba wa mutu fulani uliisha na akarudi kwa miguu. Pengine habari ya ugonjwa ilifika wakati mugonjwa amekwisha kupona, ao amekwisha kuzikwa zamani. Kule mugini watu walilia kilio cha mutu ambaye majani yalikuwa yamekwisha kuota juu ya kaburi lake.

Toka mwaka wa 1928 kampuni ikabadilisha siasa yake. Iliona kama mufanyakazi mwenye bibi na watoto anakaa kazini zaidi na anagonjwa kidogo. Ikaruhusu mikataba ya miaka mitatu, ikajenga nyumba, ikaleta mama ku maternite na watoto ku kupimwa kilo. Daktari Léopold Mottoulle, mwenye aliongoza mambo ya wafanyakazi weusi, aliandika juu ya siasa ile mwaka wa 1946. Kolwezi yenyewe ilifanywa makao ya migodi ya upande wa magaribi mwaka wa 1937, miaka sita nyuma ya treni kufika mupaka wa Angola kupitia Dilolo. Wengi wa wazazi wetu walizaliwa mu lupitalo za kampuni zile, bila kulipa hata senti moja.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa kuna kitu ambacho kiligeuza desturi. Ku kitabu cha kampuni, «familia» ilikuwa bwana, bibi moja na watoto wao. Mama ya bwana hakuandikwa. Muyomba hakuandikwa. Mutoto wa dada aliyekufa, mwenye alilelewa mu nyumba ile ile, yeye vilevile hakuandikwa. Hivi baba mumoja alikuwa na watoto wenye kutibiwa bure mu lupitalo nzuri, na mama mwenye kumuzaa alikuwa analala mu dispansari ya mugini bila dawa. Wazee wengi waliishi na uchungu huo miaka makumi tatu. Walikuwa wanatuma.

2. Barua ya mukono na telegramu

Walituma nini? Sabuni, chumvi, blanketi, kikwembe, na vidonge ambavyo munganga wa kampuni aliwapa wenyewe na wakavificha bila kunywa. Walituma ku treni, kwa mukono wa mutu anayekwenda. Stesheni ya Kolwezi ilikuwa kama posta ya pili. Ulikwenda pale, ulitafuta mutu wa kwenu, ulimupatia kifurushi na barua, na ulimuambia jina la baba yako na alama ya nyumba: pale karibu na muembe, nyuma ya kanisa. Na vitu vilikuwa vinafika. Mutu aliyekula kifurushi cha mugonjwa alijulikana mu muji muzima, na hakuna aliyemutuma tena.

Barua zile zilikuwa na utaratibu wake. Zilianza na salamu nyingi, moja moja kwa kila mutu wa nyumba. Kisha mvua, kisha mashamba, kisha bei ya bunga. Ugonjwa ulikuja ku mwisho kabisa, mu mistari miwili. Asiyejua desturi aliweza kufikiri kama mwandishi anachezea mambo. Hapana. Ilikuwa heshima: hautupi neno zito mu uso ya mutu mbele ya kumukalisha chini. Na kwa sababu barua ilisomwa na mwalimu ao mukatekista mbele ya watu wote, salamu zile zilipatia kila ndugu nafasi ya kukaribia mbele ya habari kufika.

Telegramu ilikuwa kitu ingine. Ilikuwa inalipwa kwa neno, na haikuwa na nafasi ya salamu. Hapo ndipo watu wakaanza kuandika: «Mama mugonjwa sana, kuja mbio», hata kama mama amekwisha kufa. Waliona vibaya kuandikia mutu kifo akiwa peke yake ku kazi. Afazali akikipokea akiwa kati ya ndugu. Nia ilikuwa nzuri. Lakini matunda yake yakawa haya: kila mutu aliyepokea neno «mugonjwa sana» alisoma «amekufa». Watu walifika na nguo za kilio na kukuta mama anakunywa uji. Wengine walifanya hesabu ya kuwa hakuna tena haraka, wakangojea mushahara wa mwisho wa mwezi, kumbe mama alikuwa muzima bado na anawaita. Desturi hii haijakufa. Hata leo, simu ikilia saa tisa ya usiku na mutu anasema «mama amezidiwa kidogo», sisi wote tunajua namna moyo unavyofanya.

3. Mei 1978

Wengi wenu munakumbuka, ao muliambiwa. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi kutoka upande wa Angola kupitia Zambia. Tarehe 19 walishuka wanajeshi wa Ufaransa na parashuti, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Watu mamia walikufa, weusi na weupe. Mu siku zile, kulinda toka mbali kulikuwa kukaa karibu ya redio. Ndugu wa Likasi, wa Lubumbashi, wa Kamina, walikuwa wanasikiliza redio ya serikali na redio za inje, na hakuna redio iliyotaja jina la mutu wao. Kilichofika mbele ni watu wenyewe, waliokimbia kwa miguu kupitia pori. Kila mukimbizi alizungukwa na maswali: umemuona fulani? Alikuwa mu lupitalo, wamemutoa? Mu muji wetu, mutu aliyeleta habari kama mugonjwa fulani ni muzima alipewa kiti, maji na chakula, kama mugeni mukubwa.

4. Baba alipotuacha

Union Minière ilichukuliwa na serikali mwanzo wa mwaka wa 1967, na nyuma ikaitwa Gécamines. Lupitalo ziliendelea, posho iliendelea. Wazee walisema: kazi ndjo baba, kazi ndjo mama. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto wa chini ya udongo ulianguka. Mwaka wa 1994 kampuni nzima haikufikisha hata tani 40,000. Mushahara ulichelewa miezi na miezi, na dawa zikaanza kukosa. Mwana-historia Dibwe dia Mwembu alitoa kitabu mwaka wa 2001, na kichwa chake cha Kifaransa kinasema kama wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Hakuna mutu wa Kolwezi anayehitaji kufasiriwa maneno hayo.

Kati kati ya taabu ile yalitufikia mambo ya 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Walilala wiki na wiki ku stesheni wakingojea treni. Kati yao kulikuwa wafirmye, walimu, majirani waliotuzalisha watoto. Tunaandika hayo bila kufungua kidonda, lakini desturi tunayoieleza ilipasuliwa pale: mama Muluba wa Kasai aliyeolewa hapa alibaki mugonjwa Kolwezi na kaka zake wako Mwene-Ditu, mwingine alipelekwa Kasai na watoto wake wakabaki hapa.

Kisha toka mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mupango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Mutu aliyefanya kazi miaka 30 alipokea franga zake, na hazikukaa. Toka wakati ule lupitalo ikawa mahali pa kulipa mbele: karatasi, glovu, dawa, kitanda. Na mu inchi yetu mugonjwa aliyepona na asiyelipa anaweza kuzuiwa kutoka. Ndipo kulinda mugonjwa kukawa kutafuta franga, na wenye franga walikuwa mbali.

5. Foni, bipu, na franga za mu simu

Mbele ya simu za mukono kulikuwa foni, redio ya mawimbi ya mbali ya wamisionere na wafanya biashara. Ulilipa, ulikaa ku benchi, ukangojea zamu yako. Ulisema na kila mutu mu chumba alisikia, na kule vilevile. Hapakuwa siri. Mutoto aliyekataa kutuma kitu kwa mama yake mugonjwa alikataa mbele ya watu kumi na tano. Tuseme kweli: foni ililinda wagonjwa wengi kwa njia ya haya.

Celtel ilianza mu Kongo mwaka wa 2000, Vodacom mwaka wa 2002. Bipu moja ilikuwa «nifonie», bipu mbili mufululizo ilikuwa mambo mazito. Mu mwaka wa 2012 M-Pesa ikafika, na franga zikaanza kuruka kutoka simu hadi simu. Kitu ambacho treni ilifanya kwa siku tatu sasa kinafanyika mbele uji kupoa.

Je, nyoka sasa anauawa na fimbo ya mbali? Tutatoa mufano, na ni wetu wenyewe. Mama yetu alilala mu lupitalo wiki tano. Sisi watoto tulikuwa Lubumbashi, Kinshasa na Afrika ya Kusini. Tulituma wote. Tulifoniana usiku kuhesabu nani ametoa ngapi, na tuligombana kidogo. Mwenye kumulinda alikuwa mutoto wa dada yetu, musichana wa miaka kumi na sita. Yeye ndiye aliyewasha mbabula nyuma ya pavio, aliyepika bukari na sombe, aliyefua mashuka, aliyelala ku simenti. Kila tulipofonia tulimuuliza: «Franga zimefika?» Siku mama alipotoka tulimupigia vigelegele ku simu. Akatujibu: «Franga zenu zilifika. Nyinyi hamukufika. Huyu mutoto ndiye alikuwa nyinyi.» Mwaka ule musichana akapoteza masomo, na hatukuwa tumefikiri juu ya hilo hata mara moja.

6. Tunachobakiza

Mama zetu hawakuacha mulinzi arudi na mikono mitupu. Mugonjwa akitoka, mulinzi alipewa kikwembe ao kuku, na jina lake lilitajwa mbele ya familia. Ilikuwa kusema: kazi yako imeonekana. Mu kutuma franga zetu kwa haraka tumesahau sehemu hiyo, na tunazani ndiyo ya kurudisha kwanza. Anayelinda ahesabiwe mu muchango kama anayetoa zaidi ya wote. Akiwa mwanafunzi, familia ipange zamu ili masomo yake yasikatike.

Pili, tufonie mugonjwa mwenyewe, na salamu ndefu za zamani, mvua na bei ya bunga, mbele ya kuuliza habari ya franga. Mugonjwa haulizwi uji, wazee walisema. Na vilevile hangojei kuomba sauti ya mutoto wake.

Tatu, tukumbuke wale wasio na mutu hapa. Wachimbaji wengi wa leo wametoka mbali kama wazee wetu wa 1910, na kambi hazina tena kitabu ambamo majina yao yameandikwa. Tarehe 27 Juni 2019, udongo ulipowafunika wachimbaji zaidi ya 40 ku mugodi wa KOV, kulikuwa mama wengi mbali waliongojea simu. Ukipita mu pavio na ukaona kitanda kisicho na mukeka chini yake, uliza jina. Mupatie bakuli la uji. Mupigie mama yake simu, umuambie: mama, mutoto wako analindwa.