Uhakiki wa Filamu na Watu wa Ziwa

Katika nchi ya Usukuma, mchezo wa ngoma hauhukumiwi na mtu aliyebaki nyumbani. Baada ya mavuno, wafuasi wa vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, hushindana siku moja katika uwanja mmoja, kila chama upande wake. Watazamaji huenda huku na huko, wakipima nyimbo, mavazi na ustadi wa wachezaji. Kwa desturi, chama kinachovuta umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Miguu ya watazamaji ndiyo hukumu yenyewe. Sharti lake ni moja, nalo ni zito: anayetaka kuhukumu hana budi kwanza kufika uwanjani.

Katika insha hii tunakusudia kuuliza kama sharti hilo tumelitimiza katika sanaa iliyo changa kuliko ngoma, yaani sanaa ya filamu. Swali hili linatuhusu sana sisi watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria, kwa sababu tumekuwa watazamaji wa filamu, na pia tumekuwa watu wanaotazamwa ndani yake.

Filamu zilipoingia Afrika Mashariki, watawala wa Kiingereza walijiuliza kwanza kama Mwafrika anaweza kuzielewa. Mwaka 1929 mtaalamu wa elimu ya viumbe, Julian Huxley, alizunguka nchi zetu akiwaonyesha wanafunzi filamu chache, mojawapo ikihusu kilimo cha pamba Nijeria. Aliona kwamba walizielewa vema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu zipatazo 35 juu ya afya, kilimo na uwekaji wa akiba, wakazitembeza kwa gari, sauti ikitoka katika sahani za santuri. Walichunguza jinsi watazamaji walivyozipokea, lakini lengo lao lilikuwa kujua kama somo limeingia. Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilipoanzishwa mwaka 1939, kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika anahitaji picha za polepole na zisizo na ufundi mwingi. Matokeo ya Huxley yaliwekwa kando.

Wakati huohuo watu wa mijini walikuwa wamekwisha kuwa wahakiki bila kuombwa. Katika miaka ya 1950 filamu ya Kihindi *Awara*, iliyotengenezwa na Raj Kapoor mwaka 1951, ilipendwa mno katika miji yetu. Ndani yake jaji anaamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, kisha maisha yanamsuta. Je, mtu huharibika kwa damu au kwa malezi? Watu waliotoka katika jumba la sinema na swali la namna hiyo, wakalijadili barazani hata usiku kucha, hawakuwa watu wa kufundishwa kutazama.

Baada ya Uhuru, taifa lilitaka filamu zake lenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 ilitoa *Fimbo ya Mnyonge*, kisa cha Yombayomba, anayetafuta maisha mjini bila mafanikio, kisha akayaona matumaini katika kijiji cha ujamaa. Mwaka 1985 ikaja *Harusi ya Mariamu*, juu ya mwanamke mgonjwa anayeogopa waganga wa jadi. Kwa maoni yetu, filamu ya kwanza ina jibu kabla ya kuuliza, na ndiyo maana wahusika wake ni kama vielelezo vya hotuba. Ya pili inamwacha mtazamaji aione hofu ya Mariamu na kuitafuta asili yake, na kwa hiyo inadumu moyoni.

Sisi tuliokulia Sengerema tunalikumbuka gari la sinema la serikali, na kitambaa cheupe kilichotandazwa uwanjani. Watu hawakukaa kimya. Mzee mmoja alipoona mkulima wa katika picha akishika jembe, alipaza sauti kwa Kisukuma kwamba mtu yule hajapata kulima maishani mwake, na uwanja mzima ukacheka. Huo ulikuwa uhakiki kamili: hoja yake ilikuwa fupi, na ushahidi wake ulikuwa mbele ya macho ya wote.

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu *Darwin's Nightmare*, aliyoipiga Mwanza na kando ya ziwa. Inaanza na sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 akawamaliza furu wengi. Kisha inaonyesha minofu ikipakiwa katika ndege kwenda Ulaya, huku watoto wa mitaani wakigombea chakula, na wanawake wakianika vichwa na mifupa ya samaki tunayoiita mapanki. Ndiyo maana hapa nchini wengi waliijua kwa jina la filamu ya mapanki. Ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huohuo ilishindania tuzo ya Oscar huko Marekani.

Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, akisema inaichafua nchi. Mwezi Agosti yakafanyika maandamano Mwanza. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliipinga kwa maandishi. Sauper akamshtaki kwa kashfa, na mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi mwaka 2008.

Hatuna budi kukiri kosa letu. Siku zile, tukingoja kivuko cha Busisi, tuliilaani filamu hiyo kwa maneno makali mbele ya wasafiri wenzetu. Kijana mmoja muuza karanga akatuuliza, "Mzee, umeiona?" Tulinyamaza. Hatukuwa tumeiona, wala hatukumkuta kivukoni mtu aliyeiona. Tulikuwa tumeihukumu ngoma tukiwa nyumbani.

Tulipoitazama miaka kadhaa baadaye, tuliona kwamba hasira yetu ilikuwa na sababu, ila si ile tuliyoitaja. Umaskini unaoonyeshwa si wa kubuni. Mapanki tunayafahamu, na watoto wale tuliwapita mitaani kila siku. Udhaifu upo pengine. Filamu inadokeza kwamba ndege zinazochukua samaki huleta silaha, lakini haionyeshi hata bunduki moja ikishushwa Mwanza; tunasikia maneno ya watu tu. Tena inanyamaza juu ya familia nyingi zilizosomesha watoto kwa fedha ya sangara. Na sehemu kubwa ya mazungumzo imo katika lugha za kigeni, hata mvuvi akaonekana kuwa mgeni katika ziwa lake.

Hoja hizi tungeweza kuzitoa mwaka 2006, na zingesikika mbali kuliko kelele. Laiti filamu ile ingaliletwa uwanjani Sengerema, ikatafsiriwa kwa Kiswahili, yule mzee wa jembe angalipambanua yaliyo kweli na yaliyotiwa chumvi.

Basi tunawaomba walimu mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi asiandike maoni juu ya filamu asiyoiona. Pili, afundishwe kutenga kilichoonyeshwa na kilichosemwa tu. Tatu, aulize ni nani anayesema, kwa lugha gani, na ni nani aliyenyamazishwa. Mahali pa kuanzia papo: riwaya ya Shafi Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, imesomwa shuleni kwa miaka mingi, na mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu. Darasa liweke kitabu na picha pamoja, lipime.

Wahenga walisema, kusikia si kuona. Leo Busisi inavukwa kwa daraja, lililofunguliwa mwaka 2025, wala hakuna tena foleni ya kivuko ya kubishania. Lakini swali la yule muuza karanga bado tunalo, na kila anayetaka kuitetea heshima ya nchi yake hana budi kulijibu kwanza.