Marikebu ya Delos na Pepo za Aegean

Mwaka 399 kabla ya Kristo mahakama ya Athens ilimhukumu Socrates kufa kwa sumu. Hukumu haikutekelezwa siku ile wala wiki ile. Siku moja kabla ya kesi, kuhani wa Apollo alikuwa ameshaivika makoja ya maua tezi ya marikebu takatifu iendayo kisiwa cha Delos, na sharti la mji lilikuwa kwamba tangu saa hiyo mpaka marikebu irejee, asiuawe mtu kwa amri ya dola. Plato aeleza kuwa pepo zikipinga, marikebu hukawia. Xenophon ahesabu siku thelathini. Basi mwanafalsafa akakaa gerezani akizungumza na rafiki zake, hata alfajiri moja Crito akamjia na habari kwamba kuna watu waliotoka rasi ya Sounion ambako wameiacha marikebu. Si hakimu aliyempa siku hizo, ni upepo.

Pepo hizo ndizo zilizopanga safari za visiwa vya Aegean tangu kale. Mkubwa wao wakati wa kiangazi ni meltemi, utokao kaskazini na kuvuma kwa nguvu zaidi Julai na Agosti, mara nyingi mbingu zikiwa safi bila hata wingu. Mgeni huduwaa kuambiwa kuwa meli haziondoki. Wagiriki wa kale waliziita etesiai, yaani pepo za kila mwaka. Msomaji wa pwani hahitaji mkalimani hapa, kwani neno msimu, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, lina kalenda hiyohiyo ndani yake. Tofauti ni kwamba kaskazi na kusi hupeana zamu, aliyekwenda kwa huu akarudi kwa ule. Meltemi haina mwenziwe wa kutegemewa hivyo.

Mvuke na dizeli zilimfanya mwanadamu adhani kwamba maneno haya yamepitwa. Usiku wa tarehe 7 Desemba 1966, feri Heraklion iling'oa nanga Souda, katika kisiwa cha Crete, kwenda Piraeus, na bahari imechafuka. Ilikuwa meli iliyoundwa Glasgow mwaka 1949 kwa safari za Burma, kisha ikageuzwa kuwa feri ya magari. Lori la machungwa ambalo halikufungwa sawasawa likaponyoka, likaugonga mlango wa ubavuni hadi ukafunguka. Bahari ikaingia. Karibu na kijisiwa cha Falkonera, usiku wa manane, meli ikazama na watu zaidi ya 200 wakafa.

Watu wa Crete hawakuishia kulia. Mwaka 1967, kwa kuhimizwa na Askofu Irineos wa Kissamos, maelfu yao walichanga fedha wakaunda shirika lao wenyewe la meli, ANEK, lililokuwa na hisa za wakulima na wachuuzi. Jambo hili ni nadra katika historia ya bahari: abiria kuwa mwenye chombo. Shirika hilo lilidumu hadi mwaka 2023 lilipounganishwa na kundi la Attica. Siku hizi mamlaka ya bandari huzuia feri nyingi zisiondoke upepo ukifikia kipimo cha 8 cha Beaufort, na msafiri mwenye haraka hukimbilia ndege, pale penye kiwanja. Delos hakipo. Hata hivyo marufuku hayamfunzi nahodha kutazama mbele: tarehe 26 Septemba 2000, Express Samina iligonga miamba ya Portes, karibu na Paros, mahali panapojulikana na kila mvuvi. Watu wapatao 80 walikufa, na wavuvi haohao ndio waliowaokoa wengi wa waliopona.

Mwaka uleule wa 1967 iliundwa Ugiriki feri ndogo iliyoitwa Marianna. Baadaye ikaitwa Apostolos P., na mwaka 2007, ikiwa na umri wa miaka 40, ikapewa jina la tatu: Spice Islander I. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na idhini ya kubeba abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi ilisema waliokuwamo walizidi 2,400. Ilizama katika mkondo wa Nungwi.