Sindano Moja: Jinsi Chanjo ya Saratani Ilivyotufikia

Leo tutazungumza juu ya saratani ya mlango wa kizazi, na jinsi chanjo ya kuizuia ilivyowafikia binti zetu.

Kwa miaka mingi hata madaktari hawakujua ugonjwa huu unaletwa na nini. Mwaka wa 1983 daktari Mjerumani, Harald zur Hausen, na wenzake waligundua virusi vya HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hii. Virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana. Chanzo kilipojulikana, kinga ilitafutwa, na mwaka wa 2006 chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani.

Hapa Ukambani, majirani zetu wa Kitui ndio waliotangulia. Kuanzia mwaka wa 2013 wasichana wa shule huko walichanjwa, ili serikali ijifunze namna ya kuwafikia wengine. Oktoba 2019 chanjo ikaenea nchi nzima: sindano mbili kwa msichana wa miaka 10, zikipishana miezi sita. Lakini wengi hawakurudi kwa ya pili.

Je, moja yatosha? Jibu lilipatikana papa hapa Kenya. Wanawake vijana 2,275 wa Nairobi, Thika na Kisumu walijitolea kufanyiwa utafiti. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2022: baada ya miezi 18, sindano moja ilizuia maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Aina hizo mbili ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya saratani hii. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali sindano moja, na mwaka wa 2025 Kenya ikafuata.

Mama, umesikia uvumi kwamba chanjo hii inafunga kizazi. Si kweli. Saratani yenyewe ndiyo inayoweza kumfanya mwanamke aondolewe kizazi. Mpeleke binti wa miaka 10 hadi 14 kwenye dispensari iliyo karibu. Kama anaishi na virusi vya UKIMWI, mwambie muuguzi, kwani huenda akahitaji zaidi ya moja.

Nawe usijisahau. Chanjo ya binti haimkingi mama. Ukiwa na miaka 25 na zaidi, omba kupimwa. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, usingoje maumivu yaanze.